Majani Yaliyoangukia Chini

Harufu ya matembele yaliyokanyagwa bado inanikamata. Nikiisikia sokoni, hata leo na umri huu, mkono unataka kuokota, na nikiinama simwombi mtu radhi.

Nilikuwa na miaka kumi. Kwetu Kikula, mjini Likasi, tulikuwa na kuku watano ndani ya ua mdogo wa waya, maana walipokuwa huru waliimaliza bustani ya jirani. Humo ndani hapakubaki hata jani moja. Ardhi ilikuwa nyekundu, ngumu, imechakurwa mpaka basi. Walikula pumba za mahindi tu, kiini cha mayai kikapauka, kisha mayai yenyewe yakakoma. Baba akatangaza mezani kwamba wasipotaga kufikia Pasaka, wote wataingia chunguni. Nami nilikuwa nimewalea tangu vifaranga, nimewapa majina ya watakatifu, jambo lililomuudhi sana katekista. Niliapa kwamba hawaliwi.

Sokoni, akina mama wanaouza mboga walipofunga mafungu ya matembele na lengalenga, walichomoa majani yaliyotoboka na kuyatupa miguuni. Nikawa napita hapo nikitoka shule, na sare yangu na beseni kichwani, nayaokota. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka wenyewe. Habari zikamfikia mama, naye akanisubiri mlangoni.

"Bantu batasema nini? Batasema mu nyumba yetu tunakulaka majani ya mu bulongo, ya kuokota chini."

"Ni ya bakuku, mama. Miye siachi."

Nilichapwa. Kesho yake nikaenda tena, nikachapwa tena, nikaenda tena. Kusema kweli nilianza kuona fahari.

Siku ya nne mama alisimama mlango wa jikoni akiniangalia nikiyamwaga majani chini, na kuku wakiyakanyaga zaidi kuliko kuyala. Akaja, akaninyang'anya beseni, akachuchumaa. Vidole vyake vilichambua mbio mbio: mazuri huku, yaliyooza kule. Ghafla akasita, akaangalia lile fungu zuri, akalichanganya tena na mengine. Kisha akayafunga yote kwa kipande cha kitambaa na kuyaning'iniza kwenye waya, usawa wa shingo ya kuku, wayadonoe bila kuyachafua.

Jumamosi alivaa kikwembe chake cha misa, akajitwika beseni mwenyewe, akaniambia nimfuate. Tulifika saa sita mchana, soko limejaa. Mama aliinama katikati ya watu wote akaokota jani kwa jani, huku akiwasalimu kwa majina wale waliokuwa wakimkodolea macho.

Kabla ya Pasaka, kuku niliyemwita Anna alitaga. Baba alikula yai lile, kiini chake cha manjano kabisa, bila kuniangalia usoni.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wakati mama mdogo aliponieleza. Walipokuwa wasichana, yeye na mama waliokota majani palepale sokoni kila jioni, nayo yalikuwa ya chungu chao, si ya kuku. Mama alipoolewa aliapa kwamba mtoto wake hatainama pale kamwe.

Nami Jumamosi ile, na ukaidi wangu wote, nilidhani amekuja kunisaidia kubeba beseni.