Masale Juu ya Kilima cha Karatasi

Nilikuwa njiani siku tatu kutoka Tabora. Treni ilitushusha Ruvu, tukangoja kutwa nzima tumekalia mizigo, ndipo nyingine ikatuchukua hadi Moshi. Mlima wenyewe sikuuona. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa, na manyunyu hayakukatika kwa wiki mbili. Mfukoni nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na anwani ya kaka yangu kwenye mashamba ya miwa. Kaka alikuwa na chumba kimoja, mke na watoto wanne. Alinitazama, akautazama mzigo wangu. "Bwana mdogo, hapa utalala wapi?"

Nilipata kibarua cha kushona magunia kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Niliyeshona naye alikuwa Mchaga wa rika langu, wa mlimani juu ya Rau, aliyekuwa amemaliza mwaka wake wa Jeshi la Kujenga Taifa. Alinichukua kwao. Wazazi wake walinipa chumba cha nyuma na hawakuniuliza nitaondoka lini.

Yeye ndiye aliyenifundisha vita ya vifaru. Kule jeshini alikiona kifaru cha kweli mara moja tu, na hakikumtoka kichwani. Basi tukitoka kazini, vijana wawili wenye ndevu, tulikaa sakafuni kama watoto. Aliunda vifaru kwa makopo ya sadini, visoda vikawa magurudumu, mrija wa kalamu iliyokwisha wino ukawa mzinga. Mimi sikuwa na mkono wa vifaru, nikapewa kazi ya nchi: kutengeneza mahali pa kupigania. Nilitandaza kila kitu juu ya mlango mbovu tulioulaza sakafuni chumbani kwangu. Vilima nilivifinyanga kwa karatasi za mifuko ya saruji na gundi ya unga wa muhogo. Kumvi za kahawa zilikuwa udongo uliolimwa, majani ya chai yaliyokwisha kunywewa yalikuwa nyasi. Tulirusha buni nne badala ya dadu. Zote zikilala kifudifudi, kifaru kimepigwa.

"Mnyamwezi," baba yake aliniambia, "kwenu hakuna milima, ndiyo maana vilima vyako vimekaa kama vichuguu."

Kisha ikaja vita ya Kagera, rafiki yangu akaitwa. Aliondoka na lori asubuhi, amevaa sweta langu.

Zilifika barua mbili. Hazikuruhusiwa kutaja mahali. Alisema tu kwamba kuna mto, daraja limevunjwa, kuna kilima kimoja, na migomba ni mingi kama nyumbani. Baba yake, mzee wa kanisa, alizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Jumamosi moja aliingia chumbani kwangu akasimama mbele ya ule mlango.

"Nitengenezee pale alipo," alisema. "Nikiomba nataka nimwone aliposimama. Sasa hivi naomba kama mtu anayeita gizani."

Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa uangalifu kama ule. Kioo kilichovunjika kilikuwa mto, njiti za kiberiti zikawa daraja lililokatika. Kilima nilikirudia mara tatu. Kilichonishinda ni migomba. Nilikata magazeti, yakalegea kwa gundi. Ndipo nilipoona vichipukizi vya mimea ya masale mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani kwao, vifupi, majani yamechanua juu kama migomba midogo kabisa. Nilikata kumi na kimoja. Nilitia udongo mbichi kuzunguka kilima, nikavipanda duara, na juu katikati nikaweka kifaru chake kimoja.

Baba alikuwa bado kanisani. Mama yake aliingia na bakuli langu la mtori.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Mpakani, mama. Ni migomba."

"Siyo migomba." Aliweka bakuli chini taratibu. "Kwenu mkishamzika mtu mnapanda nini?"

"Mawe tu, mama."

"Sisi tunapanda hayo."

Nilinyoosha mkono niyang'oe. "Yaache," alisema. "Usiguse tena kitu chochote hapo."

Jioni baba aliutazama ule mlango kwa muda mrefu. "Mama, huyu ni mgeni. Hakujua."

"Najua hakujua," mama alijibu, akaendelea kumenya ndizi.

Chakula aliendelea kunipa. Nikimwamkia aliitikia marahaba, lakini hakukaa tena nami jioni, kama zamani, kunisikiliza. Barua ya tatu haikuja. Vita ikaisha, vijana wa jirani wakarudi, mmoja na redio ya Uganda. Halafu mjumbe wa nyumba kumi akaja na askari aliyeshika kofia mkononi. Mtoto wao alikuwa amefariki na amezikwa hukohuko. Mama aliuliza neno moja tu: siku gani. Askari hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nililitaka jibu hilo kama yeye: kabla ya masale yangu au baada yake. Nimehama miji mingi tangu hapo na bado nalitaka.

Baada ya matanga baba aliniita pembeni. "Huku kwetu msamaha unaombwa kwa isale, jani moja la masale hayohayo. Lifunge fundo umpelekee. Haliwezi kukataliwa."

Ilinibidi nirudi palepale mpakani na kisu kilekile. Mama alilipokea kwa mikono miwili. "Nimelipokea," alisema. Alikuwa akiangalia fundo.

Nilivumilia mwezi mmoja zaidi. Asubuhi niliyoondoka, nilipoamka, ule mlango haukuwepo chumbani. Niliufuata kwa kumvi zilizomwagika njiani, hadi nyuma ya nyumba walipozikwa wazee wao. Uliegemea mgomba, umevuliwa kila kitu, na kilima changu kilikuwa kikilowana kwenye nyasi. Mama alikuwa amepiga magoti. Vile vichipukizi vilikuwa vimetoa mizizi, na yeye alikuwa akivihamisha kimoja kimoja, akivipanga duara mahali pasipokuwa na mtu chini. Katikati alikuwa amechomeka isale langu, fundo limefunguliwa.

"Shikamoo, mama. Naondoka."

"Marahaba." Alikandamiza udongo kwa viganja. "Ukifika utuandikie."

"Nitaandika, mama."

Nilishuka kwa miguu hadi stendi. Sikuandika.