Amina Iliyochelewa

Juzi bosi wangu aliganda kwenye Zoom, nami nikajikuta nimefumba macho. Ni mazoea ya mchana mmoja wa lockdown ya korona, nikiwa mtoto, nyumbani kwetu mtaa wa St Marys. Mama Furaha, mwalimu wetu wa Sunday school, alikuwa akituombea kwenye tableti, akaganda mikono juu, kinywa wazi. Leo najua ilikuwa intaneti. Siku ile nilijua Roho amemshukia. Kwetu huinuki kabla ya amina, basi mimi na mdogo wangu tukabaki tumepiga magoti, huku maharage jikoni yakianza kuungua. Mama akarudi kutoka kazini, akatazama skrini, akavua viatu, akapiga magoti kando yetu. Simu yake ikalia. Alikuwa Mama Furaha.

"Mama Furaha," mama akanong'ona, "sema amina kwanza, tuokoe maharage."