Nilidhani Shida Ni ya Mke Wangu, Kumbe Moto wa Sufuria Ulikuwa Unanimaliza

Wakuu, salamu kutoka Mowlem, hapa Nairobi. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na tisa, shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imepotea, mwacheni mzee.

Lakini haya ni ya kweli. Mke wangu Mwende amekaa hapa kando anasoma kila mstari, nikidanganya ananichapa na mwiko.

Kazi yangu ni sufuria. Pale Kariobangi nimeyeyusha aluminium tangu ujana, mchana kutwa nimechuchumaa mbele ya moto. Kama una sufuria nzito ya ugali, pengine ni yangu. Hayo tuache.

Mke wangu wa kwanza alifariki, akaniachia watoto watatu, mkubwa ni Nafula, wote sasa wana nyumba zao. Nikamuoa Mwende.

Mwaka wa kwanza, hakuna mtoto. Wa tatu, hakuna. Wa nne, dada yangu mkubwa Nekesa akaanza: "Wewe ulishazaa, kila mtu anajua. Huyu arudi kwao Machakos, tukutafutie mwingine."

Na mimi, niseme tu, nilikuwa nimeanza kukubali. Mwende alikuwa anapeleka nguo zake kwao kidogo kidogo, akidhani sioni.

Sasa wakaja watu wa research huko kwetu jua kali, kwa sisi mafundi. Wanatafuta wanaume wanaofanya kazi ya moto, wapime mbegu zao. Mafundi wote wakacheka. Mmoja wa kufua mabati akanipigia kelele, "Mzee enda wewe! Una ushahidi wa watoto watatu, tuwakilishe!"

Nikaenda na kiburi, kama mtu anaitwa kuchukua zawadi.

Nikapewa kikopo cha kutolea mbegu nyumbani, nikirudishe ndani ya saa moja. Daktari, mama mmoja mpole, akasema, "Kisipoe. Kiweke kwa joto." Alimaanisha ndani ya shati, joto la mwili. Mimi najua joto moja tu. Nikapitia kazini, ilikuwa ile baridi ya Julai, nikakiweka kando ya moto kama dakika kumi nikipiga story.

Daktari akapima, akaniita. "Mzee, zote zimekufa. Ulizibeba wapi?"

Nikamweleza. Akavua miwani, akacheka mpaka machozi. "Mzee wangu, umeniletea supu!"

Nikarudia siku nyingine, safari hii kikopo kiko kifuani. Zilikuwa hai, lakini chache, na zinajikokota. Hapo hakucheka. Akasema umri pia upo, lakini miaka yote hiyo mbele ya moto haijanisaidia, na kuzaa zamani si cheti cha leo.

Nikaanza kurudi nyumbani nikihesabu, wakuu. Miaka minne mtu anabeba lawama yangu.

Nafika nyumbani, namkuta Nekesa amemshikia Mwende kikombe cha miti shamba. "Kunywa, tumbo lifunguke."

Nikakichukua, nikakinywa chote. Kichungu, weh! Nikasema, "Dada, mgonjwa ni mimi. Nimepimwa."

"Wewe? Na wale watatu ni wa nani?"

"Ni wangu. Lakini hiyo ilikuwa kitambo."

Mwende aliingia chumbani akalia, halafu akatoka akaniuliza kama nimekula.

Nikaacha moto, siku hizi napiga msasa na kuuza tu. Mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu, tukangoja. Ziliongezeka, si sana. Basi daktari akaziosha, akachagua zenye nguvu, akamwekea Mwende kwa mrija mwembamba. Hakuna kupasuliwa, hakuna uchawi.

Mara ya kwanza ilikataa. Mwende akaniambia, "Baba Nafula, leo tumekosa sisi wawili. Afadhali."

Mara ya pili ikashika. Saa hii ana mimba ya miezi mitano, na ananituma ndimu kama mtoto wa shule.

Nilichojifunza ni hiki. Welder, mpishi, fundi wa chuma, hata kama una watoto kumi, kapimwe. Na watu wako wakimsema mke wako, wa kuwanyamazisha ni wewe. Mimi nilichelewa.

Haya, nani hapa amewahi kupimwa? Semeni bila aibu, mzee wenu amekuwa wa kwanza kuvua shati.