Kipande cha Shaba Mahali pa Fyuzi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, na ningetoa chochote niweze kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa umeme hapa Kalemie, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Wewe unayetembea na koleo mfukoni na sifa za wateja masikioni, kaa kidogo unisikilize. Sina la kukuchekesha leo.

Papa Lumbwe na mkewe, Mama Feza, hawakuwa na nyumba mjini. Nyumba yao ilikuwa kamyo, lori lao la mizigo. Walijenga chumba cha mbao juu yake, wakaweka kitanda, jiko dogo na cherehani ya Mama Feza karibu na dirisha. Walipanda hadi Pepa kununua maharage, wakarudi kuyauza Kalemie, na njiani Mama Feza aliwashonea watu nguo. Asubuhi waligombana kuhusu sigara za mzee, saa sita utawakuta wanacheka. Nilikuwa nawaonea wivu, nasema kweli.

Walitaka taa mbili na feni, umeme utoke kwenye betri ya gari. Mwalimu wangu, Papa Kasongo, alikuwa amesafiri kwenda Nyunzu kwenye msiba. Kazi ya namna hiyo tulikuwa tumeifanya pamoja mara nyingi, na maneno yake nilikuwa nayajua kwa moyo: “Nyumba ya mu mji haitembei. Hii inatembea, inaruka, inatetemeka. Ukishafunga waya, vuta na nguvu. Kama inatoka, heri itoke hapa mu mukono yako.” Yeye alikata mpira wa ndani wa pikipiki na kuuvisha kila tundu la chuma ambamo waya ulipita, ili chuma kisiukate. Waya kwa waya aliunga kwa kulehemu, akafunika, akaubana kwenye mbao kila baada ya kiganja kimoja au viwili. Kazi ya siku moja kwake ilikuwa siku mbili, na mimi nilimwona mzee mwoga.

Nilitaka akirudi akute nimemaliza peke yangu. Basi nikasokota waya kwa vidole, nikayeyusha mfuko wa plastiki kwa kiberiti juu ya maungio, kama tunavyofanya kwenye nyumba za mtaani. Ungio moja lilikaa nyuma ya kitanda, palepale waya unapopita kwenye chuma. Mpira sikuweka. Kuvuta sikuvuta.

Papa Lumbwe alizunguka mjini kidogo, akarudi mchana uleule. Taa zimezima. Nikafungua, fyuzi imeungua. Mwanangu, fyuzi haiungui bure. Inaungua ili nyumba isiungue. Mahali fulani waya wangu ulikuwa umeshagusa chuma. Ilitakiwa nivute kitanda, nitafute. Lakini mteja alikuwa amesimama mgongoni kwangu, na niliona aibu kufumua kazi yangu mbele yake. Nikachukua kipande cha waya wa shaba, nikakiweka mahali pa fyuzi. Taa zikawaka. Papa Lumbwe akanipiga begani: “Uko fundi wa kweli, mutoto wangu!” Nami nikacheka.

Haikupita wiki. Walikuwa wamesimama karibu na Pepa, wote wawili wako chini wanapima maharage, moshi ukaanza kutoka dirishani. Mama Feza alikimbilia cherehani yake. Aliitoa, na mikono yake yote miwili ikaungua.

Kamyo ilishushwa hadi karakana yetu ikiwa haina chumba, mbao nyeusi tu. Mama Feza alikaa kwenye benchi, mikono imefungwa vitambaa, hamtazami mume wake. “Nilimukataza asivutie sigara pa kitanda,” alikuwa anasema. “Kila siku nilimukataza.” Mimi nikafungua sanduku la betri. Kipande changu cha shaba kilikuwa bado mahali pake, kizima kabisa, na waya uliotoka hapo ulikuwa umeungua wote hadi kitandani. Nikakichomoa, nikakitia mfukoni.

Papa Lumbwe alinifuata pale, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji: “Mutoto wangu, haiwezi kuwa njo waya ilileta moto?”

“Hapana, Papa. Waya ilikuwa muzuri.”

Aliitika kwa kichwa. Ndiyo hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kumwokoa kwa neno moja, nikaogopa jina langu.

Mama Feza alirudi kwao Zongwe. Mzee alibaki bandarini akibeba mizigo ya wengine, na sigara hakugusa tena mpaka alipokufa. Papa Kasongo alinitazama siku moja tu, akasema, “Kama ulivuta, Mungu anajua,” kisha hakunipa tena kazi ya gari. Hakuniuliza zaidi, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Baada ya mazishi ya mzee nilipanda boti hadi Zongwe. Nilimkuta Mama Feza anaanika ndagala kwa vidole vilivyopinda. Nikamwambia yote, nimepiga magoti kwenye mchanga.

“Aliniapia,” akasema. “Alinifuata mpaka hapa, akaniapia sigara aliizimia inje. Nikamwita mwongo mbele ya ndugu zangu.” Kisha akanitazama. “Na wewe ulikuwa wapi pale alikuwa angali muzima?”

Akageukia samaki wake. “Rudi ku boti yako,” akasema, “isikuache.” Sikusamehewa, mwanangu, na sikustahili.

Sasa naona mnafunga sola na betri kwenye mabasi na maboti watu wanamolala, mnaharakisha, mnasokota kwa vidole. Tafadhali. Chomoa betri kabla hujagusa. Unga waya kama mtu mwenye mtoto wake ndani, funika, bana, vuta. Fyuzi ikiungua, itafute sababu hata kama mteja amekasirika, wala usiweke kitu kingine mahali pake. Na siku utakayokosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo. Jina la fundi linaweza kujengwa tena. Mimi langu lilibaki safi mjini kote, na sijawahi kulifurahia.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe wateja wavumilivu na nyumba zisizoungua. Na akupe nguvu ya kusema “ni mimi” wakati wanaopaswa kusikia bado wanapumua.