Mashine ya Kutibu Damu

Msomaji wangu wa kwanza ni dada yangu, muuguzi wa Koboko, na Mungu amsaidie yeyote atakayempelekea hadithi iliyopikwa nusu. Mimi hutunga hadithi za sayansi, za siku zijazo. Yeye huzisoma jioni nyumbani kwake, kijijini Dranya, kalamu nyekundu mkononi, na panapomkera anaguna. Wenzangu hapa Arua wanaogopa wachapishaji. Mimi naogopa mguno ule.

Hadithi ninayoikumbuka zaidi niliombwa na binti yake. Ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na mwaka ule maumivu ya mifupa yalimtoa darasani mara kwa mara, hata akaacha kusema "nikiwa mukubwa." Hilo ndilo lililotutisha. Siku moja akaniambia, "Anko, andika mutoto kama mimi, apone." Ningekataaje?

Niliandika kwa furaha. Mtoto analazwa ndani ya mashine hospitalini, mama yake anapewa chai, na kabla chai haijapoa mtoto kapona. Dada alisoma mpaka hapo, akaguna.

"Njia ya mwongo fupi," akasema. "Uboho wa zamani, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu mbovu, umeupeleka wapi?"

"Ebo! Si hadithi tu?"

"Kwako iko hadithi. Yeye ataimeza kama dawa. Wewe utarudi Arua, mimi nitabaki naye hapa akiniuliza mashine inafika lini."

Nilikasirika, sifichi. Nikatoka nikazunguka shamba la muhogo nikimsema peke yangu. Niliporudi alikuwa ameshatenga enyasa, ugali wetu, na maharage, na tukila akanieleza tiba yenyewe ilivyo. Wanatoa chembe za uboho, wanazirekebisha maabarani, kisha wanaua uboho mbovu kwa dawa kali. Nywele zinaanguka, mgonjwa anatengwa asiambukizwe kitu, ndipo chembe zake zinarudishwa mwilini. Aliyasema yote hayo huku akimega enyasa. Nilimwonea fahari dada yangu, haki ya Mungu.

Nikaanza upya. Chembe lazima zigandishwe: nani ataleta naitrojeni ya kuzigandisha mpaka Koboko, na umeme ukikatika je? Nikaweka paneli za jua na mabetri, tukabishana juu ya uzito wa mabetri. Mgonjwa nikamfanya mwanamke mtu mzima, mwalimu, kwa sababu dada alisema tiba hiyo haiwezi kutufikia kesho; ikifika, mtoto wa leo atakuwa ameshakua. Kumbe ugumu wote ule ndio uliokuwa utamu wa hadithi!

Tulimsomea binti Jumapili baada ya kanisa. Alisikiliza, miguu ameifunika blanketi. Nilipomaliza akauliza, "Hii iko kweli?"

Nikamtazama dada. Hakupepesa macho.

"Nusu iko kweli, mwanangu. Nchi za mbali wameanza kutibu hivi, kwa pesa nyingi sana. Hapa kwetu bado. Anko ameisogeza miaka ya mbele tu."

"Miaka ngapi?"

"Hatujui."

Nilidhani atalia. Yeye akachukua karatasi zangu, akarudi ukurasa wa kwanza.

"Huyu mwalimu, hata akiwa mutoto alikuwa na sikoseli?"

"Ndiyo, alizaliwa nayo."

"Sasa mbona umeanzia hospitali? Alifikaje mukubwa? Andika vile anameza dawa kila siku. Andika vile anakunywa maji darasani na watoto wanamucheka. Andika vile anavaa sweta baridi ikija. Mashine ikifika na yeye ameshakufa, itamusaidia nini?"

Dada alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akavuta kiti karibu na changu.

"Andika," akaniambia. "Hiyo yote mimi najua."