Jiwe la Getini Lima

Mpaka leo nina hasira na yule mwongozaji wa Lima. Chama chetu cha wachimbaji wa Nyarugusu kilinituma Peru kujifunza, naye, kwa Kiswahili alichokiokota Arusha, akanitembeza mjini. Asubuhi, kwenye vilima vya vumbi na vibanda vya mbao kama vya kwetu, akasema, “Hapa ni umaskini tu.” Mchana, kwenye majumba ya ufukweni, “Huu ndio utajiri.”

“Utajiri unaujua wewe?” nikamjibu. Pembeni ya geti palikuwa na jiwe jeupe lenye mistari ya kutu. Nikainama nikalilamba, kama tunavyofanya machimboni ili dhahabu ionekane. Nikalilamba tena, taratibu, aone mtaalamu.

Geti likafunguka. Mama mmoja akatoka na mbwa, akamwambia mwongozaji jambo kwa Kihispania.

“Anasemaje?” nikauliza, bado nimeinama.

“Anaomba umpishe mbwa wake. Hapo ndipo anapokojoa kila siku.”