Kijani Hakipendi Kivuli

Nilianzia Riyadh kama msaidizi wa wapima ardhi, kisha kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini viza, akanihamishia Jeddah bila kuniuliza. Kazi yangu ilikuwa kushika fimbo yenye kipokezi cha setilaiti juu yake na kuangalia kioo. Maandishi yakiwa ya njano, mashine bado inakisia mahali ilipo. Yakiwa ya kijani, ina uhakika, na kosa lake halizidi upana wa kidole.

Siku hiyo njano iligoma kuondoka. Bosi alikuwa ndani ya lori, kwenye kiyoyozi, akipiga honi: "Yalla! Bado tu?"

Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikaitukana kwa Kikamba. Setilaiti zilikuwa chache mno. Nikainua macho: nusu ya anga ilizibwa na bodi ya lori. Asubuhi nilikuwa nimembembeleza bosi aliegeshe pale, angalau nipate kivuli.

"Sogeza lori, bosi," nikasema kwa hasira.

Likasogea. Jua likanitua utosini, na hapo hapo kioo kikawa kijani.

"Halas, basi!" akasema bosi, akipandisha kioo cha dirisha. "Sasa simama hivyo hivyo mpaka magharibi."